Kipya Kije, cha Jana Kisife

Kwa ratiba ya serikali ya Kenya, mitambo ya runinga ya analogi ya Mombasa ilikuwa izimwe tarehe 2 Februari 2015. Nairobi ilitangulizwa, 31 Desemba 2014. Mombasa iliwekwa kwenye awamu ya pili pamoja na Malindi, Kisumu, Nakuru, Eldoret na miji mingine, na sehemu zilizosalia zikapewa hadi tarehe 30 Machi. Maana yake mtaani Bondeni ilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kumeza: runinga iliyonunuliwa kwa fedha taslimu, isiyo na deni wala hitilafu, ingeonyesha chenga tupu. Ili ifanye kazi ile ile iliyokuwa ikiifanya jana yake, mwenyewe alitakiwa atoe maelfu ya shilingi anunue king'amuzi.

Swali lililozuka hapo ni kongwe kuliko king'amuzi chenyewe. Siku hizi husikika sana kwa watumizi wa programu za kompyuta na simu. Mtu amenunua toleo la kwanza, kampuni ikatoa la pili. Je, ni haki atozwe tena? Wauzaji husema kazi mpya ina gharama mpya. Wanunuzi husema wao ndio walioibeba kampuni ilipokuwa changa, sasa iweje wapangwe foleni moja na aliyefika leo? Pande zote mbili zina hoja, ndiyo maana ubishi hauishi. Lakini kisiwa cha Mombasa kimeshapitia mageuzi ya aina hii mara kadhaa, kwa santuri, kwa runinga, hata kwa mashine za risiti. Ukiyafuata moja baada ya jingine utaona kwamba mara nyingi watu hawakukikasirikia kipya chenyewe. Walikasirika pale cha zamani kilipouawa mikononi mwao.

Bondeni ni mtaa wa kisiwani, mwendo mfupi wa miguu kutoka Makadara, Marikiti na vichochoro vya Mji wa Kale. Ujirani huo uliuweka karibu na biashara mbili zenye mengi ya kufundisha juu ya jambo hili, muziki na nguo.

Tuanze na muziki. Mwaka 1928 kampuni ya Gramophone ya Uingereza, wenye chapa ya His Master's Voice, ilimpeleka mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad hadi Bombay kurekodi santuri za Kiswahili. Miongoni mwa wenziwe alikuwamo Mbaruk Talsam, mpiga udi asiyeona, mzaliwa wa Mombasa. Santuri zilizotoka huko zilizunguka mara 78 kwa dakika, zikavunjika kama sahani za udongo zikianguka, na kila upande ulibeba wimbo wa dakika tatu hivi. Mtu wa taarabu anajua dakika tatu ni nini: mwimbaji hajamaliza hata kuzunguka na beti mbili, sindano imeshafika katikati.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia Mombasa ikapata watu wake wa kuchapisha muziki. Assanand & Sons, wauzaji wa mjini, walikuwa na chapa yao ya Mzuri, na kupitia kwao sauti nyingi za pwani zikaingia kwenye sahani. Sahani zenyewe zilikuwa zimebadilika. Zile nzito za 78 zikapisha za plastiki za 45, nyepesi na zisizovunjika ovyo. Aliyetaka wimbo alioupenda kwa umbo jipya alinunua upya. Hakuna aliyekatiwa bei kwa kuwa ana ule wa zamani nyumbani. Hata hivyo hapakuzuka zogo. Sababu ilikuwa kiungo kidogo ubavuni mwa gramafoni za wakati huo: swichi ya mwendo, 33, 45, 78. Mtengenezaji alijua kabati za wateja wake zimejaa santuri za kale, akaziachia mlango. Mwenye za 78 aliendelea kuzipiga kwa mashine mpya hadi alipochoka nazo mwenyewe.

Kisha ikaja kanda. Philips waliitoa mwaka 1963, na katika miaka ya 1970 ilikuwa imeshaenea pwani nzima. Hapa ndipo Mbwana Radio Service, duka la Mombasa lililojulikana na kila mpenda taarabu, lilipojipatia jina. Lilirekodi na kusambaza kazi za kina Zein l'Abdin, Maulidi Juma na Zuhura Swaleh. Kanda ilimpa msikilizaji kitu ambacho santuri haikuweza, yaani wimbo mzima, urefu wake wote, pamoja na vigelegele vya arusini na watu wakitunza. Ilimpa na kingine: njia ya kuhama bila kununua upya. Uliweza kumpelekea mtu mwenye deki sahani zako, au kanda ya jirani, akakutilia nyimbo kwenye kanda tupu kwa malipo madogo. Baadaye zikaja CD, kisha flash na memori kadi, na kazi ikabaki ile ile: mteja huenda kibandani akajaziwa nyimbo, za zamani na mpya pamoja.

Kwa mteja wa zamani, huu ulikuwa mpango wa kuhamia toleo jipya ulio nafuu kuliko wowote uliopata kubuniwa na kampuni kubwa. Ila kuna mtu aliyeulipia, naye ni mwimbaji. Kila kanda iliyotiliwa mtaani ilikuwa kanda moja isiyouzwa. Kenya ilitunga sheria ya hakimiliki mwaka 1966 na nyingine mwaka 2001, ambayo ndiyo iliyozaa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO, lakini wakongwe wengi wa taarabu walishapitwa. Kwa hiyo anayesema toleo jipya lazima liwe bure kwa mwenye la zamani afikiri kwanza juu ya jambo hilo. Gharama ya kazi haifutiki kwa mteja kutoilipa. Hubebwa na mwingine, na mara nyingi ni yule asiye na uwezo wa kulalamika.

Biashara ya pili, ya nguo, ina somo fupi. Kwenye Biashara Street leso mpya hutoka kila uchao, zikiwa na rangi mpya na jina jipya, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Kaderdina Hajee Essak, wenye ile alama ya Mali ya Abdulla, wamekuwa katika biashara hiyo Mombasa tangu 1887. Katika miaka yote hiyo hakuna leso iliyotoka ikaipasua ile iliyokwisha nunuliwa. Mwanamke hununua doti mpya kwa kuwa jina limemgusa au arusi imekaribia, na ile ya mwaka juzi hujifunga jikoni, humbebea mtoto, huisha kwa wakati wake. Muuzaji hupata fedha yake kila msimu, na mteja hajioni mjinga.

Runinga nayo ilianza kwa adabu hiyo hiyo. Kenya ilipata matangazo ya runinga mwaka 1962. Mwaka 1964 shirika likataifishwa na kuitwa Sauti ya Kenya, na mwaka 1970 Mombasa ikafunguliwa kituo chake cha kupokezana matangazo na kutengeneza vipindi vya kienyeji. Picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Rangi zilipofika mwishoni mwa muongo huo, mwenye runinga ya zamani hakupoteza chochote. Aliendelea kutazama taarifa ya habari ile ile, kwa antena ile ile, kwa kijivu chake. Jirani mwenye runinga ya rangi aliona kijani cha nyasi. Huyu hakuiona, lakini bao lilipofungwa walishangilia pamoja.

Haikutokea hivyo kwa bahati. Kulikuwa na ugomvi mkubwa Marekani miaka ya 1950 kuhusu jambo hilo hilo. Mwaka 1950 mamlaka ya mawasiliano ya huko iliidhinisha mfumo wa rangi wa kampuni ya CBS, uliotegemea gurudumu la rangi lenye kuzunguka mbele ya kioo. Picha zake zilikuwa nzuri. Ubaya wake ni kwamba runinga zilizokuwa tayari majumbani, karibu milioni 10, hazikuweza kuupokea hata kwa nyeusi na nyeupe. Mfumo ulianza na kufa ndani ya mwaka 1951. Ulioshinda, ulioidhinishwa Desemba 1953, ulitiwa ujanja wa uhandisi: rangi zilichomekwa ndani ya mawimbi ya zamani kwa namna ambayo seti kuukuu ilizipuuza tu. PAL, mfumo uliobuniwa na Walter Bruch wa Telefunken nchini Ujerumani na ndio uliotumiwa Kenya, ulirithi ujanja huo. Wahandisi walitumia miaka na akili nyingi kumlinda mtu aliyekwisha kulipa.

Uingereza ilifika mbali zaidi. Runinga zake za mwanzo zilitumia picha ya mistari 405. Mwaka 1964 BBC ilipoanzisha chaneli ya pili kwa mistari 625, seti za zamani hazikuweza kuipata. Basi wakaendesha mifumo miwili sambamba, na ule wa 405 haukuzimwa hadi Januari 1985, zaidi ya miaka 20 baadaye, wakati seti zenyewe zilipokuwa zimekufa kwa uzee.

Dijitali ilibadili adabu hiyo. Mwaka 2006 mjini Geneva, nchi za Ulaya, Afrika na sehemu za Asia zilikubaliana chini ya Muungano wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, kwamba ifikapo 17 Juni 2015 matangazo ya analogi yasiwe tena na ulinzi katika masafa ya UHF. Sababu ilikuwa ya maana. Katika analogi chaneli moja hula masafa yote iliyopewa. Katika dijitali masafa hayo hayo hubeba chaneli kumi na zaidi. Masafa yanayobaki huweza kupewa mitandao ya simu. Ila hapakuwa na ujanja wa kuichomeka dijitali ndani ya analogi. Runinga kuukuu isingeona picha ya kijivu wala picha yoyote.

Kenya ilitaka kuwahi. Tarehe 9 Desemba 2009 Rais Mwai Kibaki alizindua matangazo ya dijitali jijini Nairobi, kupitia Signet, tawi la KBC. Mfumo uliotumika ulikuwa DVB-T. Waliokuwa na hamu na uwezo wakaenda madukani wakanunua ving'amuzi. Muda si mrefu serikali, pamoja na majirani wa Afrika Mashariki, ikaamua kuhamia DVB-T2, toleo la pili, ambalo hubeba data zaidi kwa takriban theluthi moja au hata kuzidi. Uamuzi huo ulikuwa wa busara kiufundi. Kungekuwa na faida gani kujenga nchi nzima kwa teknolojia iliyopitwa kabla ya kumalizika? Lakini king'amuzi cha DVB-T hakiwezi kusoma DVB-T2. Wale walioitikia wito wa kwanza, wateja wa zamani kuliko wote, walibaki na visanduku visivyokuwa na kazi. Waliochelewa, waliopuuza tangazo, au waliokuwa hawana fedha, wakanunua mara moja tu.

Kisa hicho kidogo kina madhara ambayo hayaonekani kwenye hesabu za wizara. Kilifundisha umma kusubiri. Serikali iliporudi kusema mnunue ving'amuzi, watu walikuwa na sababu nzuri ya kukaa kitako.

Na walisubiri sana. Uzimaji wa Nairobi uliopangiwa 31 Desemba 2012 ulikwama baada ya COFEK, shirikisho la kutetea watumizi wa bidhaa, kwenda Mahakama Kuu likidai ving'amuzi ni ghali mno kwa mwananchi wa kawaida. Usiku huo huo Tanzania ilizima mitambo ya Dar es Salaam bila kungoja mtu. Kenya ikapanga tena Desemba 2013, na safari hii waliokwenda mahakamani walikuwa wenye vituo: Royal Media Services, Nation Media Group na Standard Group. Mahakama Kuu iliwakatalia tarehe 23 Desemba 2013, Mahakama ya Rufaa ikawakubalia 28 Machi 2014, na Mahakama ya Juu ikaamua tarehe 29 Septemba 2014 kwamba uhamaji uendelee, huku mamlaka ya mawasiliano ya Kenya ikitakiwa kuzingatia ombi lao la leseni.

Kesi hiyo ilihusu mambo mazito: leseni za kusambaza mawimbi, ambazo Signet na kampuni ya Kichina ya Pan African Network Group walikuwa nazo na vituo vya Kenya hawana, uhuru wa vyombo vya habari, na haki ya kubeba chaneli ya mtu bila ridhaa yake. Mwenye runinga alitajwa pembeni. Tembo walipigana, na nyasi, kama ilivyo ada, hazikuulizwa.

Tarehe 14 Februari 2015 mamlaka ilizima mitambo ya vituo hivyo. Citizen, NTV, KTN na QTV zikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu, hadi mwanzoni mwa Machi. Siku hizo zilikuwa na kichekesho chake. Aliyekataa kununua king'amuzi hakuona chaneli hizo. Aliyekuwa amekinunua pia hakuziona, kwa kuwa wenye vituo walikataa zibebwe na wasambazaji waliokuwapo na walikuwa bado wanajenga mtambo wao wa dijitali. Mtiifu na mbishi walitazama kitu kimoja, yaani KBC na vichache vingine vilivyobaki. Vituo viliporudi, ving'amuzi vikahitaji kutafutishwa chaneli upya.

Mafundi ndio waliofaidi. Runinga nyingi za mtaani, zikiwamo zile Great Wall ndogo za nyeusi na nyeupe zilizotapakaa Kenya nzima, zilikuwa na tundu la antena peke yake, na king'amuzi cha bei nafuu hutoa picha kwa nyaya za AV. Viwili hivyo havizungumzi. Dawa moja ilikuwa kununua kifaa kingine cha kugeuza mawimbi. Nyingine haikugharimu kitu kwa aliyekuwa nayo: deki ya video ya zamani, ile ya kanda za VHS, hupokea AV upande mmoja na kutoa mawimbi ya antena upande wa pili. Kanda zilishasahauliwa lakini deki ikapata ajira mpya, kusimama katikati ya king'amuzi na runinga. Wahandisi wa PAL wangeipenda kazi hiyo.

Je, ingewezekana kufanywa vingine? Ndiyo, na mifano ilikuwapo. Marekani, kabla ya kuzima analogi, iliruhusu kila kaya kuomba vocha mbili za dola 40 kila moja za kununulia visanduku vya kugeuza mawimbi. Vocha zilipokwisha na watu kupangwa kwenye orodha ya kungojea, Bunge lao liliahirisha uzimaji kutoka 17 Februari hadi 12 Juni 2009. Uingereza ilikuwa na mpango wa kuwafungia mitambo wazee waliotimiza miaka 75 na walemavu, kwa ada ya pauni 40, na bure kwa wenye kipato cha chini kabisa. Kenya iliondoa ushuru wa forodha kwa ving'amuzi, ikaendesha analogi na dijitali sambamba kwa miaka mitano hivi, basi. Zaidi ya hapo kila mtu na mfuko wake.

Mtetezi wa serikali atasema Kenya si Marekani, na hazina haikuwa na fedha za kugawa vocha. Huenda. Lakini tazama masafa yaliyopatikana yalikokwenda. Miaka michache baada ya uzimaji kampuni za simu zilitozwa dola milioni 25 kila moja kwa leseni za masafa ya 800 MHz, yaliyokuwa sehemu ya anga la runinga, ili zisambaze intaneti ya 4G. Kampuni hizo zilipata anga zuri linalopenya kuta na kufika mbali. Hazina ilipata ada. Wenye vituo walipunguziwa umeme na mitambo. Aliyetoa fedha mfukoni ili anga hilo liachwe wazi ni mwenye runinga ya Bondeni, na katika hesabu ya mgao yeye hayumo. Dhuluma, ikiwa neno hilo linafaa, haikuwa bei ya king'amuzi. Ilikuwa kwamba mlipaji na mfaidikaji walikuwa watu wawili tofauti, na mlipaji hakupewa nafasi ya kusema hapana.

Hapo ndipo programu za kompyuta zinapoingia vizuri. Kwa miaka mingi desturi yake ilikuwa karibu na ile ya leso. Ulinunua toleo, likawa lako. Lililofuata likauzwa kwa bei ya chini kwa mwenye la zamani. Ukitaka ukalichukua, hutaki ukabaki na lako. Kuna hata hoja kwamba bei hiyo ilimfaa mteja. Mtengenezaji anayetoa kila kitu kipya bure kwa wateja wa zamani hana budi kuishi kwa wateja wapya, na kila shilingi ya akili yake ataielekeza kwa asiyemjua bado. Anayetarajia kulipwa na mteja wa zamani ana sababu ya kumsikiliza. Kumtoza si kumdharau, mradi toleo alilo nalo linaendelea kufanya kazi aliyolinunulia.

Mambo yakaharibika kwa kuzima. Mwaka 2013 Adobe walitangaza kuacha kuuza matoleo mapya ya kumilikiwa moja kwa moja na kuhamia malipo ya kila mwezi. Ukiacha kulipa, programu hufunga mlango. Windows XP, iliyokuwa kwenye kompyuta za saiba nyingi, iliachwa na Microsoft tarehe 8 Aprili 2014. Haikuzimwa, lakini mwaka 2016 kivinjari cha Chrome nacho kikaiacha, kisha tovuti moja baada ya nyingine zikaanza kuikataa. Windows 10 ilifuata njia hiyo tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hudai chipu ya usalama ambayo kompyuta nyingi nzima za miaka ya nyuma hazina. Toleo lenyewe ni bure kwa mwenye Windows 10. Kinachonunuliwa ni kompyuta. WhatsApp haijamtoza mtu wa Mombasa hata senti kwa toleo jipya, lakini mwisho wa 2018 ilipoacha kufanya kazi kwenye simu za Nokia za S40, aliyetaka kubaki na kundi la familia alinunua simu. Kwa hiyo hata "bure" si kinga. Mteja hulipa kwa mlango wa nyuma.

Kisa cha karibuni zaidi kiko kaunta, kando ya droo ya fedha. Mwaka 2005 Mamlaka ya Mapato ya Kenya, KRA, ilianza kuwalazimisha wafanyabiashara waliosajiliwa kwa VAT watumie mashine za risiti za ETR. Wenye maduka walizipinga sana, wakalalamikia bei, hatimaye wakanunua. Mashine zikakaa kaunta, zikazoeleka, na "risiti ya ETR" ikawa msemo wa kila siku. Kanuni mpya za mwaka 2020 zilizoanza kutumika Agosti 2021 zikataka kila risiti ipelekwe KRA kwa mtandao papo hapo, mfumo ukaitwa TIMS. Wafanyabiashara wakaambiwa wawaulize waliowauzia kama mashine zao zinaweza kuboreshwa, au wanunue nyingine. Muda wa mwaka mmoja waliopewa ukaongezwa, mwisho ukawa Novemba 2022. Wengi walitii, wakatoa fedha.

Februari 2023, miezi mitatu tu baadaye, KRA ikaleta eTIMS: programu, bila mashine, bila malipo.

Mwenye duka aliyejinyima akanunua mashine mwezi Novemba alikuwa na haki ya kuguna. Alikuwa ameingia katika safu ya wale wa king'amuzi cha DVB-T, waliolipia wepesi wao wa kutii. Lakini safari hii kulikuwa na tofauti inayostahili kutajwa kwa haki. Mashine yake haikuuawa. Risiti zake ziliendelea kukubaliwa, naye akaendelea na biashara huku jirani yake akitumia programu ya bure.

Sheria ya Fedha ya 2023 ilipanua wigo, na wafanyabiashara wasiosajiliwa kwa VAT nao wakatakiwa kutoa ankara za eTIMS. Mwanzo ulipangwa Septemba mwaka huo, kisha wakaongezewa muda hadi 31 Machi 2024. Hofu mitaani ilikuwa ile ile ya 2005, kwamba sasa muuza viazi karai naye atanunua kompyuta. Jibu la KRA, mapema 2024, lilikuwa eTIMS Lite, na mojawapo ya njia zake ni kupiga *222# na kufuata maelekezo kwenye kioo. Njia hiyo haihitaji intaneti wala simu ya kisasa. Simu ya kabambe yenye vitufe, hata iliyofungwa mpira ili betri isichomoke, hutoa ankara sawa na simu ya bei kubwa. Kodi yenyewe watu wanaendelea kuibishania, lakini kwa sharti hilo moja hakuna aliyelazimika kutupa simu.